Mwanafunzi na Watu wa Kujitolea Ndani ya Leba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaokuja Mafunzoni Kigoma

Kila kundi jipya la wanafunzi wa uuguzi na ukunga linapopangiwa leba, yaani wodi ya wazazi, maswali huwa yale yale, na mengi hayahusu tiba hata kidogo. Yanahusu watu: nani ananisimamia, nani nimsikilize, yule mgeni aliyevaa koti jeupe ni nani. Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanaokuja mkoa wa Kigoma, iwe ni Maweni, ambayo ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa, au hospitali za wilaya na za misheni kama Kabanga kule Kasulu. Chuo chako kikiwa na utaratibu tofauti na ulioandikwa hapa, fuata wa chuo.

Hawa wa kujitolea ni akina nani hasa?

Utakutana na watu wa aina nne, na ukiwachanganya utaingia matatani mapema.

Wengi wao ni wahitimu wanaosubiri ajira. Wamemaliza stashahada au shahada, wana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na wanasubiri serikali itangaze nafasi. Wanavaa sare kama waajiriwa na kuingia zamu kama waajiriwa, ila mwezi ukiisha kuna anayepewa posho ya nauli na kuna anayerudi nyumbani mikono mitupu. Kwenye wodi nyingi, zamu ya usiku isingesimama bila wao.

Kisha wapo wageni kutoka nje, hasa Ulaya na Marekani. Hapa fungua macho. Mmoja anaweza kuwa mkunga mwenye miaka mingi kazini, mwenzake mwanafunzi wa udaktari aliyekuja kwa wiki chache, na wa tatu kijana aliyemaliza sekondari ambaye hajawahi kushika mashine ya presha. Wote watatu wanashuka gari moja, na mavazi yao hayakuambii lolote.

Aina ya tatu ni watu wa jamii: wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaowaleta wajawazito kutoka mitaani na vijijini, na akina mama wanaojitolea kuwa wasindikizaji wa wanaojifungua. Aina ya nne hupita tu: vikundi vya dini, vijana wa Msalaba Mwekundu, akina mama wa mtaani wanaoleta sabuni na uji Jumapili. Hao wa mwisho hawagusi mgonjwa, na hawana haja ya kujua nani amelazwa kwa sababu gani.

Nitamjuaje mwenye leseni na asiyekuwa nayo?

Uliza. Hakuna njia nyingine. Muulize inchaji, yaani msimamizi wa wodi, siku ya kwanza, wakati wa kutambulishwa: "Sista, naomba kujua hapa wasajiliwa ni akina nani, na nani ananisimamia." Inchaji mzuri atafurahi kuulizwa. Kwa mhusika mwenyewe, tumia adabu ya kawaida: "Samahani dada, wewe uko kada gani?" Mtu mwenye leseni hakasirikii swali hilo, maana naye aliwahi kuulizwa. Akianza kuzungukazunguka, umeshapata jibu lako.

Mkunga anayejitolea anaweza kunisainia logibuku?

Inategemea chuo kinataka nani asaini daftari hilo la kazi ulizofanya. Vyuo vingine vinakubali saini ya mkunga yeyote mwenye leseni hai, vingine vinataka menta (msimamizi wa mafunzo) aliyeteuliwa na hospitali, na jina lake limepelekwa chuoni kwa barua. Ulizia hili kabla hujaingia leba. Kila mwaka kuna wanafunzi wanaofika mwisho wa mafunzo wakiwa na kurasa zilizojaa saini ambazo mwalimu anazikataa, na aliyezisaini ameshahamia Dodoma kutafuta maisha.

Saini ya mgeni wa nje asiye na usajili wa hapa nchini, hata kama ni bingwa kwao, usiihesabu.

Dada anayejitolea ananituma kila kitu: maji, chai, kufagia. Nikatae?

Tofautisha kazi na utumwa, lakini usikimbilie kulalamika. Kuosha vifaa, kutandika kitanda, kupeleka sampuli maabara na kumwaga uchafu kwenye ndoo yenye rangi yake ni kazi za wodi, na kila mkunga unayemwona amezifanya. Kuosha vifaa kwa utaratibu unaotakiwa ni somo la kuzuia maambukizi, hata kama limekuja kwa sura ya "hebu nenda kaoshe".

Chai mara moja ni heshima. Chai kila siku, wakati wenzako wanafundishwa kupima njia (kuangalia kwa vidole mlango wa kizazi umefunguka kiasi gani), ni jambo la kumwambia menta. Sema kwa upole na faraghani. Kumbuka pia kwamba huyo dada anafanya kazi bila mshahara, na kuna siku amekuja kwa miguu kutoka Gungu au Mwanga kwa sababu hakuwa na nauli. Ukimpa heshima yake, mara nyingi ndiye atakayekufundisha kuliko mtu mwingine yeyote pale, kwa kuwa vitabu bado viko kichwani na bado anakumbuka mwanafunzi hupotelea wapi.

Mgeni kutoka nje anataka kuzalisha au kupima njia. Nifanyeje, mimi ni mwanafunzi tu?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo acha tulijibu taratibu.

Sheria kwanza. Mkunga au muuguzi wa kigeni anayetaka kumhudumia mgonjwa Tanzania anatakiwa kuwa na usajili wa muda wa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Daktari hupata wake Baraza la Madaktari Tanganyika. Anayekuja kujitolea pia anahitaji kibali cha ukaazi, na daraja linalohusu watu wa kujitolea ni C. Kukagua karatasi hizo ni kazi ya uongozi wa hospitali, wewe hazikuhusu. Kinachokuhusu ni kwamba mtu asipotambulishwa kwako kuwa ana ruhusa ya kugusa, huna sababu ya kumpa glavu.

Kisha mama. Kupimwa njia kunauma na kunaingiza vijidudu, ndiyo maana katika uchungu unaoendelea vizuri hupimwa kila baada ya saa nne, labda kuwe na sababu. Mama mmoja hawezi kupimwa na mkunga, kisha na mwanafunzi, kisha na mgeni "ili naye aone". Ikiwa kipimo kimoja kinatakiwa kufundishia watu wawili, mkunga anapanga nani apime na mama anaulizwa. Mwingine atasubiri mama mwingine.

Halafu kuna jambo ambalo wageni wengi hawalijui mpaka waelezwe. Mama aliyetoka kijiji cha mwambao, Kalya au Buhingu, amesafiri ziwani kwa boti na uchungu wake. Akimwona mzungu amesimama miguuni pake, anadhani huyo ni daktari bingwa. Atakubali chochote. Kukubali kwake hakuna maana ikiwa hajaambiwa ukweli, na wewe unayejua lugha ndiye pekee unayeweza kumwambia: "Mama, huyu ni mwanafunzi kama mimi, ametoka nje ya nchi, anaomba kuangalia. Unaweza kukataa, na utahudumiwa vilevile." Liseme hilo mbele ya mgeni, kwa sauti ya kawaida. Mgeni mwenye akili atakushukuru.

Akiendelea kung'ang'ania? Usibishane naye mbele ya mama. Mwite mkunga wa zamu, umwambie, "Sista, mgeni anaomba kupima." Maneno hayo manne yanatosha, kazi ya kukataa ni yake, ana leseni inayomlinda.

Wapo wageni wazuri sana, na si haki kuwaweka wote kapu moja. Mkunga mzoefu kutoka nje anaweza kukuonyesha namna ya kumsaidia mama abadili mkao, achuchumae au alale ubavu badala ya kulala chali muda wote, na akafanya hivyo bila kugusa kitu. Chukua maarifa hayo.

Mama ana haki ya kunikataa mimi mwanafunzi?

Anayo, na halazimiki kueleza kwa nini. Jitambulishe hivi, au kwa maneno yako yanayofanana na haya: "Shikamoo mama. Naitwa fulani, ni mwanafunzi wa ukunga mwaka wa pili. Mkunga wako ni sista yule pale. Naomba nisikilize mapigo ya mtoto, nikimaliza nitakwambia nilichosikia. Ni sawa?" Kama mama ni wa rika lako au mdogo, "habari yako dada" inatosha, shikamoo itamchekesha katikati ya uchungu.

Kisha nyamaza usikilize jibu. Mama akitikisa kichwa huku anatazama ukuta, hajakubali. Wanafunzi wa kiume hukataliwa zaidi, na wengine huumia. Hakuna la kuumia hapo. Kuna mabinti ambao hawajawahi kuvua mbele ya mwanamume asiye mume wao, na kuna wengine wengi ambao baada ya kuzungumza nawe kwa adabu wanasema "endelea tu, mwanangu".

Mgeni hajui Kiswahili, mama anajua Kiha tu. Nani anatafsiri?

Mara nyingi ni wewe, hasa kama umezaliwa Kasulu au Buhigwe. Na ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana.

Kigoma ina lugha nyingi ndani ya wodi moja. Waha wapo, na mama wa makamo kutoka kijijini anaweza kuelewa Kiswahili kizuri sokoni kisha kikampotea kabisa uchungu unapokolea. Wapo Warundi, wengine kutoka kambi za wakimbizi wakiwa wamepewa rufaa, na Kirundi na Kiha vinasikilizana kwa kiasi kikubwa. Wapo pia Wakongo ambao Kiswahili chao kina maneno yake: usidhani umemwelewa kwa sababu tu anachosema kinafanana na unachokijua. Muulize tena.

Ukitafsiri, sema alichosema mama chote, na sema "mimi" anaposema "mimi". Tatizo la watafsiri wapya ni kufupisha. Mama anaeleza kwa dakika nzima kwamba maumivu yalianza juzi, kwamba alikunywa dawa ya kienyeji ya kuongeza uchungu aliyopewa na shangazi, kwamba tangu alfajiri mtoto hachezi, mwanafunzi anageuka na kumwambia mgeni, "Anasema ana uchungu." Katika sentensi hiyo fupi umezika mambo mawili yanayoweza kuua. Dawa za kienyeji zinaweza kuufanya mji wa mimba ubane kupita kiasi, na mtoto asiyecheza anahitaji kusikilizwa mapigo sasa hivi. Mkunga wa zamu ndiye anayepaswa kusikia hayo kwanza, kabla hata ya mgeni.

Kuna mambo usitafsiri kupitia ndugu. Majibu ya VVU, mimba zilizopita ambazo mume hazijui, kipigo nyumbani. Mama mkwe akiwa amekaa kitandani, mwombe atoke kidogo. Kama hakuna anayejua lugha zaidi ya ndugu, mwambie mkunga atafute mtumishi; wodi nyingine zina mfanya usafi anayejua lugha zote tatu.

Kama wewe si mwenyeji wa huku, anza na salamu. "Mwakeye" ya asubuhi itakufungulia milango ambayo koti lako jeupe halifungui.

Tuko wengi, wazazi wachache, kila mtu anataka kesi. Tunagawanaje?

Kugombania mama aliyefika hatua ya kusukuma ni aibu, na mama anasikia kila neno. Mpangilio unaofanya kazi ni kila mwanafunzi kukabidhiwa mama tangu anapopokelewa. Unakaa naye, unamsikiliza mtoto, unampa maji, unamkanda kiuno. Akifika kujifungua, ni wako chini ya mkunga. Aliyekuwa kantini muda wote haruki foleni kwa sababu logibuku yake haijajaa. Mgeni wa kujitolea naye hana kipaumbele mbele ya mwanafunzi aliyekaa na mama usiku kucha, na inchaji akisahau hilo, kiongozi wenu amkumbushe kwa heshima.

Pia punguzeni njaa ya "kudaka". Mtoto anatoka kwa dakika chache, ila vifo vingi vya akina mama vinavyotokana na damu huanzia saa zinazofuata. Mwanafunzi anayebaki na mama saa mbili za kwanza, anayepapasa mji wa mimba kuona kama umekuwa mgumu, anayeangalia pedi, anayemsaidia mtoto kunyonya ndani ya saa ya kwanza huku wamegusana ngozi kwa ngozi, anajifunza ukunga. Wengine wote wameshakimbilia kitanda kinachofuata.

Nani anajaza patografu?

Patografu ni chati ya maendeleo ya uchungu. Aliyepima ndiye anayeandika, muda ule ule, na anaweka jina lake na neno "mwanafunzi". Mkunga anapitia na kusaini.

Mapigo ya mtoto yanasikilizwa kila nusu saa uchungu ukishakolea, na kiwango cha kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika. Mikazo na mapigo ya mama pia kila nusu saa. Presha kila saa nne kama haina tatizo. Kwenye wodi yenye msongamano kuna kishawishi kibaya: kujaza nukta za saa zilizopita, au hata za saa zijazo, mapigo 140, 140, 140 mpaka chini. Ukiona mstari ulionyooka namna hiyo, mtoto hakusikilizwa. Mtu wa kujitolea akikwambia "jaza tu, zote ziko sawa", mwambie utasikiliza kwanza. Usipopima, acha wazi. Nafasi iliyo wazi inamwambia mkunga wa zamu inayofuata aanze kwa kupima, lakini namba ya uongo inamwambia apumzike.

Ikitokea dharura, mimi na hawa wa kujitolea tunakaa wapi?

Mnakaa pale mkunga anapowaambia, na kabla hajasema, piga kelele ya kuita msaada. Hiyo ni kazi halali ya mwanafunzi na haihitaji leseni.

Tuchukue mfano wa mama kutokwa damu nyingi. Kila mama anatakiwa kuchomwa oksitosini (dawa ya kubana mji wa mimba) yuniti 10 ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, mara baada ya kuhakikisha hakuna pacha tumboni. Darasani ulisoma kwamba damu ya mililita 500 au zaidi ndiyo hatari. Wodini usisubiri kupima: kitenge kikilowa, ita. Mkunga akija, wewe tayari unakanda mji wa mimba upate kubana. Mwingine anakimbilia trei ya dharura. Mwingine anaandika saa, kwa kuwa dawa ya traneksamiki, ya kupunguza kutoka damu, inatakiwa iingie mapema, ndani ya saa tatu tangu mama ajifungue, na ukimuuliza mtu baadaye "alijifungua saa ngapi?" kila mmoja atakuwa na saa yake. Kibofu kilichojaa kinazuia mji wa mimba kubana, kwa hiyo kuna anayeandaa katheta (mpira wa kutoa mkojo). Mgeni asiye na kada apewe taa ashike, au apelekwe nje kumtuliza mume. Mpe kazi kwa jina lake: "Anna, shika hapa." Ukisema "jamani saidieni", watu sita watasogea na hakuna atakayeshika kitu.

Kifafa cha mimba: mgeuze mama alale ubavu, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, usimwekee kijiko wala kidole mdomoni. Magineziamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, inachanganywa na kuchomwa na msajiliwa. Baada ya hapo kuna kazi yako nzito: kuhesabu pumzi, kupima goti linavyoruka, na kupima mkojo. Pumzi zikishuka chini ya 16 kwa dakika, goti likiacha kuruka, au mkojo ukipungua chini ya mililita 30 kwa saa, sema mara moja, kabla dozi nyingine haijaingia.

Mtoto asiyelia: mkaushe, msugue mgongo, na kama hapumui ambu (mfuko wa kumpulizia hewa) ianze ndani ya dakika moja. Kabla ya kila mama kusukuma, hakikisha ambu iko mezani na umeijaribu kwenye kiganja chako. Hilo fanya hata kama hakuna aliyekutuma.

Wasindikizaji wanaruhusiwa leba? Naona wengine wanawafukuza.

Shirika la Afya Duniani linashauri kila mama awe na msindikizaji anayemtaka mwenyewe, na Kigoma ina historia yake katika hili: kati ya 2016 na 2018 vituo kadhaa vya mkoa vilijaribu rasmi kuwaruhusu wasindikizaji, ikiwemo akina mama wa jamii waliojitolea kukaa pembeni ya wazazi waliofika peke yao. Kwa hiyo ukiambiwa "huku hatufanyagi hivyo", jua kwamba imeshafanyika.

Kinachokwamisha ni nafasi. Vitanda vimekaribiana na mapazia hayatoshi, msindikizaji wa mama huyu anamwona mama yule. Hapo mkunga ana haki ya kupanga. Msindikizaji apewe kazi zinazoeleweka: kumpa mama vinywaji, kumfuta jasho, kutembea naye koridoni, kukuita akiona damu. Aambiwe pia asichofanya, yaani kumminya tumbo ili mtoto atoke na kumpa kitu cha kunywa kilichotoka nyumbani bila kukuonyesha. Kichupa ndani ya mkoba huwa kipo mara nyingi kuliko unavyofikiri. Uliza bila ukali.

Naweza kupiga picha? Mgeni anaomba nimpige akiwa ameshika mtoto.

Hapana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na kichanga hawezi kutoa idhini. Mama aliyejifungua nusu saa iliyopita, akiombwa na mtu aliyevaa sare, hawezi kusema hapana kwa raha. Simu ikae mfukoni, na picha ya "mtoto wangu wa kwanza kumzalisha" usiiweke kwenye stetasi hata ukificha uso.

Nikichomwa na sindano?

Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usiminye, usiweke jiki. Mwambie mkunga wa zamu papo hapo. Dawa za kuzuia VVU zinaanza mapema iwezekanavyo, mwisho saa 72, na zinamezwa siku 28. Kwa homa ya ini B, chanjo inafanya kazi vizuri ukiipata kabla: dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu mwezi wa sita. Anza ukiwa bado chuoni. Watu wa kujitolea huogopa kuripoti wakidhani hawana haki hiyo kwa kuwa hawalipwi. Ukimwona mwenzako amejichoma na kujifunga plasta kimyakimya, mpeleke.

Wageni wameleta glavu na dawa kwenye begi. Tutumie?

Vyote vinapitia kwa inchaji na duka la dawa la hospitali, viandikwe. Oksitosini iliyosafiri kwenye begi kutoka uwanja wa ndege haifai kuaminiwa, maana inatakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na Kigoma mchana unaijua. Fedha au "asante" kutoka kwa mama usipokee. Ndizi moja, sawa.

Nimemwona mtumishi akimpiga mama kofi mapajani. Niseme kwa nani?

Kwanza nenda upande wa kichwa cha mama, mshike mkono, zungumza naye. Kuwepo kwako tu kunabadilisha mambo. Baadaye, siku hiyo hiyo, mweleze menta au mwalimu wako ulichokiona, saa na mahali, bila kuongeza chumvi. Ikibidi, mwalimu atalipeleka kwa muuguzi mfawidhi. Wageni huandika mambo haya mtandaoni usiku huo huo kwa hasira, pamoja na jina la hospitali. Hasira wanayo haki nayo, lakini baada ya andiko hilo wodi hufunga mlango kwa wanafunzi wote, na mama aliyepigwa hajasaidiwa.

Mama akifariki, au mtoto akizaliwa mfu?

Si kazi yako kuiambia familia, wala ya mgeni, hata kama ndiye aliyekuwa karibu. Daktari au mkunga msajiliwa atazungumza nao. Wewe unaweza kusaidia kumwosha mtoto, kumfunga kitenge, na kumuuliza mama kama anataka kumshika. Wengine wanataka. Usiamue kwa niaba yake.

Kila kifo cha mama kinajadiliwa kwenye kikao cha mapitio, na mwanafunzi aliyekuwepo anaweza kuulizwa. Sema ulichokiona. Vikao hivyo havikuwekwa kutafuta wa kufukuza kazi. Vinatafuta ilipochelewa damu, gari au uamuzi. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukakadiria 104. Tofauti hiyo ina mikono mingi ndani yake, ikiwemo ya wasiolipwa. Lakini siku ya kifo takwimu hazifariji mtu. Tafuta mwenzako mzungumze kabla ya kulala, na mgeni anayelia peke yake nje ya wodi umkaribishe.

Kuhusu nauli, chakula na usiku?

Zamu ya usiku njoo na chakula chako. Kurudi alfajiri, pandeni bajaji wawili au watatu, au subirini kupambazuke. Gambuti nunua zako.

Nikihitimu, na mimi nijitolee?

Kujitolea miezi michache kunaweka mikono sawa wakati unasubiri ajira, na mwajiri anayeona barua ya inchaji anajua hukukaa bure. Tatizo ni kujitolea kusikokuwa na mwisho, ambako mtu anafanya zamu kamili kwa muda mrefu na hajui anasubiri nini. Kwa hiyo usianze kwa mdomo. Andika barua kwa mganga mfawidhi, nakala kwa muuguzi mfawidhi, utaje muda unaoomba, siku ngapi kwa wiki, na idara. Omba majibu ya maandishi yanayosema nani anakusimamia, kama kuna posho, na nini kitatokea ukichomwa sindano. Ambatisha nakala ya leseni, na uangalie tarehe yake ya kuisha kabla hujaipeleka.